Karani wa Babu

SEHEMU YA KWANZA

"Ndiyo, niliuza," Babu alisema, na kijiko cha uji kikabaki hewani mkononi mwa Rehema.

Baba mdogo Idrisa hakuinua hata macho. Aliikunjua karatasi juu ya mkeka, akainyoosha kwa kiganja, akaweka kidole chini ya dole gumba lililopigwa kwa wino wa zambarau.

"Umesikia kwa masikio yako," alisema. "Usije ukasema namlisha mzee maneno."

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 20 Septemba 2024, saa kumi na moja jioni. Rehema alikuwa ameshuka kwenye treni ya SGR kutoka Morogoro mchana ule, akapita Gerezani kwa miguu na begi mgongoni, akakata mitaa ya Kariakoo akipishana na mikokoteni na wamachinga waliotandaza viatu mpaka barabarani. Aliyempigia simu ni Bi Tatu, mpangaji wa chumba cha uani: njoo upesi, Jumatatu saa nne kuna kesi Baraza la Ardhi, na mzee wako ataulizwa kama nyumba aliuza au hakuuza.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza ya saruji mbele, Mtaa wa Narung'ombe. Kushoto limesimama ghorofa, kulia ghorofa refu zaidi. Matajiri waliokuja kukaa kwenye ile baraza walikuwa wakipima upana wa kiwanja kwa macho huku wakisifu kahawa. Babu aliwanywesha kahawa wote, na wote aliwakatalia.

"Uliuza lini, Babu?" Rehema aliuliza.

"Siku ya mvua," Babu alijibu bila kusita. "Mwezi wa kumi na moja, mwaka ule wa 2021. Idrisa alivaa shati jeupe. Tukanywa kahawa, nikapiga dole gumba."

Rehema akamtazama vizuri. Tangu kiharusi cha Desemba 2021, kumbukumbu za Babu zilikuwa zimekatika vipande. Ukimuuliza mwaka 1975, atakueleza soko jipya la Kariakoo lilivyofunguliwa, watu walivyosimama vichwa juu wakitazama miavuli ya zege iliyobuniwa na msanifu Beda Amuli, na nani alipata kizimba gani. Ukimuuliza kuhusu moto wa Jumamosi ya tarehe 10 Julai 2021, uliounguza soko hilo hilo pamoja na kizimba chake cha viungo, anakukodolea macho. "Soko limeungua?" Kila akiambiwa ni msiba mpya, na kila mara anainamisha kichwa kama mara ya kwanza. Miezi ya mwisho kabla ya kiharusi ilikuwa imetoweka yote. Sasa Novemba ya mwaka huo huo imerudije, na shati lake jeupe na kahawa yake?

Halafu lile dole gumba. Babu alifanya biashara ya iliki na karafuu tangu ujana wake. Kila risiti aliitia sahihi kwa mkono wake, mwandiko wa madrasa uliolala upande mmoja. Hajawahi kupiga dole gumba maishani.

Hakusema kitu. Alimlisha Babu uji mpaka bakuli likaisha.

"Mke wangu huyu ana mkono mzuri," Babu alimtania. "Hasara ni yangu, mimi niliyekuchelewa."

Baada ya isha Rehema alikuwa uani akimsaidia Bi Tatu kuloweka mchele wa vitumbua. Dirisha la chumba cha Babu lilikuwa wazi, na sauti ya Idrisa ikatoka taratibu, ya upole, sauti ya mtu anayemsomesha mtoto.

"Baba, unaikumbuka ile siku ya mvua?"

"Naikumbuka."

"Nilivaa shati gani?"

"Jeupe."

"Vizuri. Tukanywa nini?"

"Chai."

"Kahawa, baba."

"Ee. Kahawa."

Bi Tatu aliendelea kukoroga maji kwa kidole, macho chini. "Kila usiku," alinong'ona. "Tangu Ramadhani. Wakati mwingine mzee anakataa, anasema sijauza. Idrisa hagombi. Anaanza tena mwanzo."

Idrisa alirudi kutoka Muscat mwaka 2022, baba yake akiwa tayari mgonjwa. Alikuta nyumba, akakuta mzee asiyejua jana ilikuwa siku gani, na miezi miwili baadaye alikuwa na karatasi ya mauziano aliyodai walitiliana siku aliyokuja likizo. Kitu kimoja tu hakuwa nacho, na Rehema akakisikia kikitajwa dirishani.

"Na hati ya nyumba, baba? Usiku wa moto uliificha wapi?"

"Moto gani?"

"Achana na moto. Hati."

Kimya kirefu. Kitanda kikalia. Kisha Babu akasema, kwa sauti ambayo Rehema hakuwa ameisikia tangu mzee augue, sauti ya mwenye duka anayejua kilipo kila kitu:

"Muulize Karani."

"Karani gani? Wa ofisi ya ardhi?"

"Karani ndiye anayejua."

Mchele ulimwagika kwenye sufuria. Idrisa hakulijua jina hilo. Alipokuwa Muscat, Babu alimwokota kwenye mfereji wa uani mtoto wa panya buku, mkubwa kuliko panya wa nyumbani, mwenye mifuko ndani ya mashavu anamobebea chakula chake. Akamfuga, na kwa kuwa kila alichopewa alikiweka mfukoni kwanza, akamwita Karani. Na Rehema, wakati ule mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ndiye aliyemfundisha kazi.

Alifuta mikono kwenye kanga, akaenda kwenye pembe ya uani, nyuma ya pipa, lilipokuwa tundu la waya. Akawasha tochi ya simu.

Mlango wa tundu ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na maganda makavu ya karanga tu.

Karani yuko wapi, na anajua nini? Usikose sehemu ya pili.

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Rehema amegundua kwamba baba yake mdogo anamkaririsha Babu kumbukumbu ya mauziano. Babu amesema anayejua hati ilipo ni Karani. Karani ni panya buku, na tundu lake ni tupu.

ENDELEA…

"Juzi," Bi Tatu alikiri alfajiri, mafuta ya vitumbua yakichemka. "Alisema ananuka. Akampa kijana wa mkokoteni akamtupe Jangwani. Na mwanangu, nisamehe. Aliniuliza yule mnyama wa nini, nikamwambia ule mchezo wenu wa karafuu."

Mchezo ulianza mwaka 2020. Rehema alikuwa akipita kila siku chuoni karibu na mahali ambapo shirika la APOPO, lililohamia Morogoro mwaka 2000, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mwaka ule ule mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu ya PDSA ya Uingereza kwa kazi yake ya kunusa mabomu ya ardhini huko Kambodia. Rehema aliwatazama walimu wao: kifaa kidogo kinalia *tik*, halafu ndizi. Harufu sahihi, *tik*, ndizi. Harufu nyingine, hakuna kitu. Likizo alimjaribu Karani kwa kifaa kama kile na kifundo cha kanga kilichojaa karafuu. Ndani ya wiki chache Karani alikuwa anakitafuta kifundo nyumba nzima, anakibeba shavuni na kukileta miguuni mwa Babu. Babu alicheka mpaka machozi.

Halafu moto, halafu kiharusi, na mchezo ukaisha.

Kijana wa mkokoteni alipatikana Mtaa wa Mkunguni, amelalia mzigo wa vitenge. "Dada, sikumtupa," alisema. "Ana macho ya huruma. Nilimuuza elfu tano kwa mlinzi wa maduka ya Tandamti." Mlinzi alikuwa ametoka zamu. Mwenzake akasema arudi magharibi.

Rehema alikuwa na siku nzima mkononi na swali moja kichwani. Akapanda bodaboda mpaka Posta ya Zamani.

Dokta, aliyemfundisha biokemia chuoni, alikuwa mjini kwa mkutano. Alikuwa ameketi kwenye benchi la muuza kahawa, bahari mbele yake, kanisa la Azania Front upande wa pili wa barabara, kipande cha kashata mkononi.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, unywe, useme."

Rehema alisema yote. Mwisho akauliza: "Mnyama aliyejifunza kitu mwaka 2020 na hajakifanya tangu 2021, anaweza kukikumbuka leo?"

"Swali gumu ni kwa nini asisahau," Dokta alisema. "Protini zilizomo kwenye seli za ubongo wake hazikai. Baada ya siku au wiki zinavunjwa, zinaingia mpya. Francis Crick, yule wa DNA, aliliuliza mwaka 1984: kama molekuli zenyewe zinapita, kumbukumbu ya miaka imekaa juu ya nini?"

"Na jibu?"

"Wanaotafuta jibu wengi wameangalia vimeng'enya. Kuna kimoja kinaitwa PKMzeta. Todd Sacktor, wa Brooklyn, amekihangaikia tangu miaka ya tisini. Vimeng'enya vya ukoo wake hufanya kazi ishara ikija, ikiisha vinanyamaza, kwa sababu vina kipande cha kujizuia. PKMzeta hakina kipande hicho. Mnyama akijifunza, kinatengenezwa pale seli moja inapozungumza na nyingine, na kinaendelea kupaimarisha hata ishara ikiisha."

Alikunywa kahawa kidogo.

"Mwaka 2006 yeye na wenzake waliwaweka panya juu ya sahani kubwa inayozunguka. Sehemu moja ya chumba ukiifikia unapigwa shoti. Panya wakajua mahali pale, wakapakwepa. Wengine wakaachwa mwezi mzima. Kisha wakadungwa dawa iitwayo ZIP ndani ya hipokampasi ya ubongo, kuzuia kimeng'enya. Walipokuja kupimwa, walitembea hadi kwenye shoti kana kwamba hawajawahi kufika hapo."

"Basi ndicho hicho."

"Subiri. Mwaka 2013 maabara mbili Marekani zikazalisha panya wasio na jeni ya PKMzeta kabisa. Wakakumbuka vizuri tu, na ZIP ikawasahaulisha hata hao! Watu wakasema hadithi imekwisha. Mwaka 2016 kundi la Sacktor likajibu: panya aliyezaliwa bila PKMzeta hutumia kimeng'enya ndugu, PKC iota, badala yake. Na Juni mwaka huu wakaongeza kipande kingine. Kuna protini iitwayo KIBRA, inayokaa kwenye maungio ya seli yaliyotumika kujifunza na kuishikilia PKMzeta pale pale. Molekuli ikichakaa, nyingine inakuja kushikwa mahali pake. Ukiwatenganisha wawili hao, kumbukumbu ya mwezi mzima inapotea."

Rehema alikuwa anamfikiria mlinzi wa Tandamti. "Kama walinzi wa maduka. Wanapokezana zamu, lindo linabaki."

"Lindo linabaki," Dokta alikubali. "Kwa hiyo ndiyo, panya wako anaweza. Lakini kuna habari ya pili, na hiyo inamhusu babu yako."

Meli ya Zanzibar ilipiga honi. Dokta alingoja imalize.

"Mwaka 2000, Karim Nader, akiwa New York, aliwafundisha panya kuogopa mlio. Hofu ikakaa. Kisha akawasikilizisha mlio mara moja tu, kuwakumbusha, akawadunga kwenye amigdala ya ubongo dawa inayozuia protini mpya kutengenezwa. Hofu ikapotea. Waliodungwa bila kukumbushwa hawakupoteza kitu. Umeelewa? Kumbukumbu ikiitwa, inafunguka, na inabidi ifungwe upya. Kabla haijafungwa, inaguswa."

Rehema akaona dirisha la uani, akasikia *kahawa, baba*.

"Kwa binadamu bado wanabishana," Dokta aliendelea. "Lakini wewe usimuulize mzee swali lenye jibu ndani yake. Asiulizwe shati lilikuwa jeupe. Mwache aanze mwenyewe, hata kama ni usiku wa manane, na unachosikia uandike neno kwa neno. Na yule panya, una jaribio moja safi. Ukimnusisha karafuu mara kadhaa bila kumpa ndizi, utakuwa unamfundisha kwamba karafuu haina maana tena."

Magharibi mlinzi alikubali elfu kumi na akatoa kreti ya soda. Ndani yake, mnene kuliko zamani, masharubu meupe, alikuwa Karani. Alinusa kidole cha Rehema kwa muda mrefu.

Alimfunika kwa kanga, akapita vichochoroni, akaingia kwa mlango wa nyuma. Aliposukuma ubao wa uani, alisimama pale pale.

Karafuu. Ukutani, sakafuni, kwenye pipa, kwenye kamba ya nguo, harufu ya kutoa machozi. Karibu na mfereji zilikuwa chupa tatu tupu za mafuta ya karafuu. Idrisa alikuwa juu ya kigoda, anajifuta mikono kwa kitambaa.

"Nimesafisha nyumba nzima, mwanangu," alisema. "Mzee anaipenda harufu hii." Macho yake yakashuka mpaka kwenye kanga, ambayo ilianza kutikisika.

Je, Idrisa atamnyang'anya Karani? Na panya atatafutaje karafuu kwenye nyumba iliyolowa karafuu? Usikose sehemu ya tatu.

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Rehema amempata Karani, lakini Idrisa amemwaga mafuta ya karafuu nyumba nzima ili pua ya panya isiweze kufanya kazi. Zimebaki siku mbili kabla ya kesi.

ENDELEA…

"Kuku," Rehema alisema. "Wa Jumapili."

Idrisa alicheka, akainuka. Kuku hakumwogopesha. Yeye alishamaliza kazi yake.

Usiku ule Rehema hakumtoa Karani. Wala Jumapili asubuhi. Alikaa kwenye kizingiti cha chumba cha Bi Tatu akipiga hesabu ambazo hazikufika popote. Babu, aliyeamka mchangamfu, alimsimulia tena miavuli ya zege ya mwaka 1975. Rehema alisikiliza, hakumsukuma.

"Mlikuwa mnaficha kile kifundo wapi?" alimuuliza Bi Tatu.

"Wewe ulikuwa unaficha kila mahali. Hata juu ya kabati langu. Ulipoondoka, magoti ya mzee yalikuwa hayapandi popote. Alikuwa anaficha mahali pamoja tu, siku zote. Mimi niko jikoni, namuona panya anatoka chini ya kitanda, anapotea, anarudi shavu limevimba. Alikokwenda sikuwahi kupaona."

Rehema alinyanyua kichwa.

Mahali pamoja, siku zote. Yeye alimfundisha Karani harufu, na harufu hutafutwa upya kila mara kwa sababu kitu kimehama. Lakini Babu, kwa uvivu wa magoti, alimfundisha jambo lingine bila kujua: njia. Panya wa Brooklyn hawakuwa na harufu yoyote ya kuwaongoza kwenye ile sahani iliyozunguka. Walichokumbuka ni mahali, na mahali ndiko hipokampasi iliko na kazi kubwa. Idrisa amepaka mafuta kila kona akidhani ameziba pua ya mnyama, na pua kweli ameiziba. Njia hajaigusa.

Lakini njia ina mwanzo. Karani alianzia chini ya kitanda cha Babu, gizani, nyumba imelala. Jaribio moja safi. Jaribio lingekuwa hapo, au lisingekuwepo.

Tatizo lilikuwa Idrisa. Usiku ule wa kuamkia kesi hakurudi kwake Mbagala. Alitandika mkeka ukumbini, akajilaza ubavu, miguu ikiuelekea mlango wa mbele.

Saa sita na nusu, ghorofa la jirani lilipozima jenereta, Rehema aliingia chumbani kwa Babu peku. Mkononi alikuwa na kile kifaa cha *tik*, na kipande cha ndizi kwenye jani. Aliiweka kreti chini ya kitanda, akauvuta ubao wake.

Karani alitoka nusu. Alisafisha masharubu, upande wa kulia, upande wa kushoto. Alinusa hewa iliyojaa karafuu na hakuelekea popote. Rehema alibana pumzi. Dakika zilipita, juu ya kitanda Babu aligeuka, akakohoa.

Kisha Karani akashusha pua, akaanza kutembea. Hakuwa ananusa. Alikuwa anakwenda.

Alipita kando ya kuta, mkia ukiburuzika, akatoka chumbani, akaingia ukumbini. Alipofika kwenye nyayo za Idrisa alisimama. Idrisa alikunja kidole cha mguu. Karani alizunguka mguu wa kwanza, akazunguka wa pili, akajikunja kwenye mwanya ulio chini ya mlango wa mbele, pale saruji ilipolika, akapotea upande wa barazani.

Nje, chini ya ile baraza ambayo matajiri walikalia wakinywa kahawa, kikasikika kitu kinakwaruzwa. Kikanyamaza. Kikakwaruzwa tena. Rehema alihesabu mapigo ya moyo wake mpaka akachanganyikiwa.

Pua ikatokea chini ya mlango. Kichwa kikafuata, na shavu la kushoto limevimba.

Karani alirudi kwa njia ile ile, akafika miguuni mwa Rehema, akafungua kinywa. Kifundo kikaanguka.

*Tik.*

Ndizi. Karani alikula papo kwa papo, akajilamba vidole.

Kanga ya kifundo ilikuwa imeoza kwa vumbi. Ndani yake zilikuwa karafuu zilizokauka zikapoteza rangi, na katikati yake ufunguo mdogo wa shaba, wenye namba iliyochongwa.

"Unampa nini huyo panya?"

Idrisa alikuwa amesimama mlangoni, tochi ya simu mkononi.

Rehema hakuwa na mfuko, na hakuwa na muda wa kufunga pindo la kanga. Aliinama kana kwamba anamwokota Karani, akautia ufunguo kinywani, akausukuma kwa ulimi mpaka shavuni.

"Ndizi," alisema, sauti nzito.

Idrisa alimulika kreti, akamulika kifundo, akakiokota. Akatikisa karafuu chache kiganjani. Akatabasamu. "Kumbe mchezo wenyewe ni huu tu," alisema, akazitupa dirishani, akarudi kulala.

Posta Mpya, Mtaa wa Azikiwe, milango ilipofunguliwa Jumatatu Rehema alikuwa wa tatu kwenye foleni. Ufunguo ulikuwa wa sanduku la posta la duka la Babu, ambalo kijana wake wa zamani wa dukani aliendelea kulilipia kila mwaka kwa sababu ankara za wateja wa Pemba zilikuwa zinafikia humo. Lakini sanduku lilikuwa na bahasha nyingine, kubwa, ya kaki, iliyokunjwa mara mbili na kubanwa ukutani kwa ndani, mahali ambapo mkono unaochukua barua tu usingeifikia.

Hati ya nyumba ilikuwamo. Rehema aliishika kwa mikono miwili, akaegemea ukuta, akacheka peke yake mpaka mama mmoja akamtazama.

Nyuma ya hati kulikuwa na karatasi ya pili. Aliutambua mwandiko ule uliolala upande mmoja kabla hajasoma neno. Ilikuwa ya tarehe 12 Julai 2021, siku mbili baada ya moto. Babu aliandika kwamba ameiona mali ya miaka mingi ikiteketea kwa usiku mmoja, na kwamba nyumba yake ya Mtaa wa Narung'ombe anaiweka wakfu kwa ajili ya mayatima wa mtaa ule, isiuzwe na isirithiwe, wapangaji wakae na kodi iwalishe watoto.

Rehema alisoma mara mbili. Idrisa hakuwa na nyumba ya kuuza. Wala yeye, mjukuu aliyekuja na treni kuiokoa, hakuwa na nyumba ya kurithi. Alilimeza hilo. Lilikuwa zito, lakini lilimezeka.

Kilichokataa kumezeka kilikuwa chini kabisa ya karatasi, baada ya sahihi ya Babu. Palikuwa na neno *Shahidi*, na sahihi.

Ilikuwa yake. Ile herufi ya kwanza inayozungushwa mara mbili, kistari kinachokatisha mwisho, kosa lile lile la kalamu alilokuwa nalo tangu kidato cha pili.

Tarehe 12 Julai 2021 yeye alikuwa Morogoro. Ana hakika. Anakumbuka hosteli, anakumbuka wenzake wamemzunguka wakiutazama moto wa Kariakoo kwenye simu, anakumbuka alivyotaka kupanda basi na alivyoambiwa mitihani iko karibu. Anakumbuka hata rangi ya shuka.

Ndipo akajiuliza, kwa mara ya kwanza, ni mara ngapi ameisimulia siku ile, na kwa nani, na nani alimsaidia kuisimulia.

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika kumi. Baraza la Ardhi lingekaa saa nne. Angeapishwa, angeulizwa kama sahihi ni yake, na angeulizwa alikuwa wapi.

Simu ikaita. Bi Tatu.

"Mwanangu, mzee ameamka," alisema kwa haraka, akitafuna maneno. "Hakuna aliyemuuliza kitu, wallahi. Idrisa ametangulia na wakili wake. Mimi nilikuwa nampa chai tu, akaanza mwenyewe. Ameukumbuka moto. Ameikumbuka karatasi. Nimeandika kila neno, kama ulivyoniagiza."

"Anasemaje, Bi Tatu?"

"Anasema ulikuwepo. Anasema ulilia, ukatia sahihi, na usiku ule ule ukaondoka." Bi Tatu alivuta pumzi. "Rehema, anataka nikuulize: kwa nini ulimwapisha asimwambie mtu kwamba ulikuja?"

ITAENDELEA WIKI IJAYO